Jina Lako kwenye Kibao cha Gari: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba mwenye gari anaweza kuomba lisajiliwe kwa namba binafsi, yaani kibao chenye jina au neno alilolichagua mwenyewe badala ya ile herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu tulizozizoea. Barua zilizofika mezani kwetu hapa Mwanza kutokana na maelezo hayo zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua tano, na kwa kuwa baadhi ya waandishi wake wamegusa sheria za Marekani, ambako jambo hili limepiganiwa mahakamani kwa miaka mingi, tumejibu pande zote mbili.

Swali. Ndugu Mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu anaishi jimbo la Virginia nchini Marekani na amenitumia picha ya gari lake dogo ambalo mahali pa namba pameandikwa NGOSHA. Ananiambia kwamba kwa heshima hiyo analipa dola 10 tu kwa mwaka. Nilipouliza hapa nilitajiwa mamilioni. Tofauti hii inatoka wapi, na je, nami naweza kuandika NGOSHA kwenye gari langu?

Jibu. Ndugu yangu, tuanze na mdogo wako. Nchini Marekani usajili wa magari si kazi ya serikali ya shirikisho. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina bunge lake, sheria yake ya magari na ofisi yake ya usajili, ndiyo maana ada, idadi ya herufi na maneno yaliyokatazwa hubadilika mtu anapovuka mpaka wa jimbo. Virginia iliamua ada iwe ndogo, dola 10 kwa mwaka juu ya malipo ya kawaida, na wananchi wake wameipokea ruhusa hiyo kwa mikono miwili: katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2007 jimbo hilo ndilo lililoongoza Marekani, kwani takriban magari 16 katika kila magari 100 yalikuwa na namba binafsi. California ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 1970 fedha zinazolipwa kwa namba hizo huingia katika mfuko wa kuhifadhi mazingira, na ndani ya sheria yenyewe kibao hicho huitwa kibao cha mazingira. Utaratibu huo wa California naupenda sana, na kila ninapoyaona magugu maji yamejaa katika ghuba yetu huwa nawaza kwamba mtu anayelipia jina lake barabarani angelipa kwa moyo mweupe zaidi kama angejua kwamba fedha yake inakwenda kulisafisha ziwa.

Tena jina kwenye gari si jambo jipya. Sheria ya New York ya mwaka 1901 ilimtaka mwenye gari aandike nyuma ya gari lake herufi za kwanza za majina yake. Massachusetts ikaanza kutoa vibao vyake yenyewe vyenye namba mwaka 1903, na Pennsylvania ikawaruhusu wenye magari kupata herufi za majina yao mwaka 1931. Kwa hiyo jina lilitangulia na namba ikafuata, kwa sababu ambayo hata sisi tunaielewa: katika mtaa mmoja wa Buzuruga unaweza kuwapata akina M.J. kumi, ilhali msajili anahitaji alama ambayo haifanani na nyingine yoyote.

Sasa kwetu. Upande wa Tanzania Bara magari husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ada zake zimewekwa chini ya sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari, Sura ya 124. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2016/17 ada ya namba binafsi ilipandishwa kutoka shilingi milioni 5 hadi shilingi milioni 10 kwa kila kipindi cha miaka 3, na katika bajeti hiyohiyo ada ya usajili wa kawaida wa gari ikapanda kutoka shilingi 150,000 hadi shilingi 250,000. Ukigawanya, utaona kwamba aliyetaka jina lake alitozwa mara 40 ya ada ya usajili ya jirani yake mwenye namba ya T. Bunge letu liliichukulia namba binafsi kuwa anasa, na anasa hutozwa kodi nzito. Virginia iliichukulia kuwa starehe ndogo ya mtu wa kawaida, na katika suala hili naona Virginia ndiyo iliyopiga hesabu vizuri zaidi, kwani ada ndogo inayolipwa na wengi inaweza kuingiza fedha nyingi kuliko ada kubwa inayolipwa na wachache.

Kumbuka pia kwamba viwango vya namna hii huguswa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai ya kila mwaka. Kabla hujatoa hata shilingi moja, nenda ofisi ya mamlaka hapa jijini, pata kiwango cha mwaka huu kwa maandishi, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, kwa hiyo kishoka anayekutajia kiwango ambacho hawezi kukuonyesha kimeandikwa wapi, achana naye.

Kuhusu neno lenyewe: NGOSHA ni jina ambalo kila mtu katika kanda hii anaweza kuitwa kwa upendo akiwa mwanamume wa Kisukuma, na sioni ubaya wowote ndani yake. Shida yako itakuwa nyingine. Namba ya usajili haiwezi kutolewa kwa magari mawili, na kwa wingi wa akina Ngosha waliotapakaa kutoka Magu hadi Dar es Salaam, inawezekana kabisa kwamba mwenzako amekutangulia. Andaa neno la pili na la tatu kabla ya kwenda.

Swali. Shikamoo mzee wetu. Ninasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, hapa Malimbe. Tumejadiliana na wenzangu kwa muda mrefu bila kuelewana: ikiwa mtu amelipia neno, kwa nini serikali iwe na uwezo wa kulikataa? Je, huko siyo kuingilia uhuru wa maoni? Mahakama za Marekani zimesemaje?

Jibu. Marahaba, mwanangu. Mmegusa mahali penye utamu, na msijione wazembe kwa kutoelewana, kwani mahakama zenyewe hazijaelewana.

Swali lote linasimama juu ya jambo moja: maneno yaliyo kwenye kibao ni ya nani? Kama ni ya serikali, basi serikali huchagua la kusema na la kunyamazia, kama vile wewe usivyoweza kuilazimisha ichapishe shairi lako kwenye noti. Kama ni maneno ya mwenye gari, basi kuyakataa kwa sababu tu ofisa hayapendi ni kuubana uhuru wake.

Mahakama Kuu ya Marekani iligusa suala hili tarehe 18 Juni 2015 katika shauri lililotoka Texas. Chama cha wajukuu wa askari wa majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kilitaka kibao maalumu chenye bendera ya majimbo hayo, na bodi ya magari ya Texas ikakataa kwa kuwa watu wengi waliiona bendera hiyo kuwa alama ya chuki. Kwa kura 5 dhidi ya 4, hukumu ikiandikwa na Jaji Stephen Breyer, mahakama iliamua kwamba michoro ya vibao vya namna hiyo ni usemi wa serikali. Angalia, hata hivyo, kwamba hapo kilichoamuliwa ni mchoro wa kibao. Zile herufi ambazo mtu mmoja anajichagulia hazikuamuliwa.

Hapo ndipo majimbo yalipogawanyika. Mahakama ya juu ya Indiana, katika mwaka huohuo wa 2015, ilisema kwamba hata herufi za mtu binafsi ni usemi wa serikali. Shauri hilo lilianza pale ofisi ya magari ilipomnyang'anya polisi mmoja kibao chake cha 0INK, mlio wa nguruwe kwa masikio ya wasemaji wa Kiingereza, ulioandikwa kwa sifuri mahali pa O, kwa kuwa polisi wa huko hutaniwa kwa jina la mnyama huyo naye aliamua kulibeba jina hilo kwa hiari. Mahakama ya juu ya Tennessee ilifuata mwelekeo huo mwezi Februari 2025. Kwa upande mwingine, mahakama ya shirikisho huko Kentucky ilimpa haki mwaka 2019 mzee aliyekataliwa kibao cha IM GOD, maneno ambayo alikuwa ameyabeba kwa miaka 12 alipokuwa akiishi Ohio bila kuulizwa na mtu. Jaji aliona kwamba jimbo lililokuwa likiruhusu vibao vingine vinavyomtaja Mungu halikuwa na msingi wa kumkataza huyu. Na mwaka 2020 mahakama ya shirikisho huko California ilitengua kipimo cha jimbo hilo kilichowaruhusu maofisa kukataa neno lolote "linalokera ladha njema na adabu". Mmoja wa walalamikaji alikuwa ameomba OGWOOLF, yaani majina yake ya utani, naye akakataliwa kwa sababu ofisa alizisoma herufi mbili za mwanzo kuwa za magenge ya wahalifu.

Mimi nasimama na jaji wa California, na sababu yangu inatoka hapahapa kwetu. Fikiri juu ya shauri jingine, la Maryland, lililoamuliwa na mahakama ya juu ya jimbo hilo mwaka 2016. Mtu mmoja alipewa mwaka 2009 kibao chenye neno la Kihispania lenye maana ya kinyesi. Ofisi ililipitisha bila kuielewa lugha, na miaka miwili baadaye mtu aliyeielewa akalalamika, kibao kikafutwa. Mahakama ilikubali kwamba maneno yalikuwa ya mwenye gari na si ya serikali, lakini ikasema kwamba kibao cha serikali si uwanja wa wazi wa kusemea lolote, hivyo matusi yanaweza kuzuiwa kwa kanuni iliyo ya haki na isiyobagua maoni. Sasa ipeleke kesi hiyo kwenye ufuo wa ziwa letu, ambako kati ya Mwanza, Ukerewe, Musoma na Bukoba unapita katikati ya Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kikurya na Kihaya, na ambako neno lililo jina la bibi wa mtu katika lugha moja linaweza kumfanya jirani afunike uso katika lugha nyingine. Ofisa gani atalipima neno hilo kwa ladha yake, na ladha ya kabila gani? Ladha haitoshi kuwa sheria. Kinachohitajika ni orodha ya makatazo iliyoandikwa, ambayo mwombaji anaweza kuisoma kabla ya kulipa, na sababu ya kukataliwa iliyoandikwa, ambayo anaweza kuikatia rufaa.

Jimbo la Maine limepita katika shule hiyo kwa vitendo. Mwaka 2015 liliacha kabisa kuyachuja maneno ya vibao, matusi yakajaa barabarani, na mwaka 2021 bunge lake likatunga sheria ya kurudisha mchujo, safari hii likitaja aina za maneno yanayokatazwa, yakiwemo matusi na yanayochochea ukatili. Nalitaja jimbo hilo kwa sababu wapo wenzako watakaokuambia kwamba uhuru maana yake ni kutochuja chochote. Watu wa Maine walijaribu hivyo kwa miaka 6, nao wenyewe, kupitia wawakilishi wao, wakabadili mawazo.

Katika mjadala wenu msisahau kwamba Katiba yetu ina ibara ya 18 inayolinda uhuru wa maoni na ibara ya 30 inayoeleza mipaka ya haki hizo. Someni ibara hizo mbili pamoja kabla ya kuazima hoja za Marekani, kwa kuwa Katiba yao haina kifungu kinachofanana na ibara yetu ya 30, na mipaka yao imetengenezwa na majaji, shauri baada ya shauri.

Swali. Mimi ni mwalimu wa kompyuta Sengerema. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba mtu mmoja Marekani aliweka neno la kompyuta kwenye gari lake akaishia kulipishwa makosa ya watu wengine. Ni kweli au ni hadithi?

Jibu. Mwalimu, ni kweli. Mtu huyo wa California alichagua NULL, neno ambalo watunga programu hulitumia kuonyesha kwamba nafasi fulani haina taarifa. Mfumo wa kukusanya faini ukaanza kumpelekea tiketi za magari ambayo namba zake hazikuandikwa, kwa sababu kwa mfumo huo "haina namba" na "namba yake ni NULL" vilikuwa kitu kimoja. Madai yalifika zaidi ya dola 12,000. Kwa wanafunzi wako hilo ni somo zuri la kutofautisha nafasi tupu na neno lenye maana ya utupu.

Swali. Kaka, naendesha bodaboda Igoma. Kijiweni wananiita kwa jina langu la utani, na abiria wananitafuta kwa jina hilo. Naweza kulibandika kwa stika ndogo juu ya kibao changu cha MC, pembeni ya namba? Kuna mwenzangu ameniambia kwamba Marekani mtu alishinda kesi ya kuziba kibao.

Jibu. Hapana, mdogo wangu, usiguse kibao. Sheria ya usalama barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kionyeshe namba yake ya usajili wazi, na stika inayoanza pembeni kwa wema huishia kufunika tarakimu baada ya mvua mbili na tope la Igoma. Kesi aliyoisikia mwenzako ipo, lakini hakuielewa. Ni ya New Hampshire, na iliamuliwa mwaka 1977. George Maynard, muumini wa Mashahidi wa Yehova, alifunika kauli mbiu ya jimbo iliyokuwa imechapwa kwenye vibao vya magari yasiyo ya biashara, isemayo "Ishi huru au ufe", kwa kuwa imani yake ilimkataza kuibeba, na alifungwa siku 15. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mtu atangaze imani asiyo nayo. Namba yake hakuifunika, na hakuna jaji aliyemruhusu aifunike.

Jina lako liandike kwenye madigadi, kwenye kofia ngumu, au kwenye koti la kazi. Waangalie wavuvi wa Kirumba: mtumbwi una jina kubwa la kupendeza ubavuni na namba yake ya usajili kando, na hakuna anayevichanganya.

Swali. Mwanangu, mimi ni mama wa Kisesa. Binti yangu aligongwa na gari akitoka sokoni, na dereva hakusimama. Kijana muuza maji aliyekuwepo anasema kwamba kibao hakikuwa na namba, kilikuwa na jina la mtu, na anadhani analikumbuka. Watu wananiambia kwamba magari ya majina ni ya wakubwa na hayana rekodi, kwa hiyo nisijisumbue. Naomba unisaidie.

Jibu. Shikamoo mama, na pole sana kwa yaliyomfika binti. Waliokuambia hivyo wamekosea, na naomba usiwasikilize hata siku moja zaidi. Namba binafsi ni namba ya usajili kamili. Imeandikwa katika daftari lilelile la magari pamoja na jina la mmiliki, na polisi akiliuliza daftari hilo kwa neno lililo kwenye kibao hupata mwenye gari kama ambavyo angempata kwa namba ya T. Kibao, mama yangu, kiliwekwa kwa ajili ya mtu kama binti yako kabla ya kuwekwa kwa ajili ya mwenye gari, na ruhusa ya kuandika jina haikumpunguzia dereva wajibu wowote. Hata magari ya serikali, yenye STK, SU au SM, yana namba ili yajulikane.

Tena jina lina faida moja ambayo namba haina: mtu aliyeliona kwa sekunde mbili hulikumbuka, ilhali tarakimu na herufi huyeyuka kichwani kabla vumbi halijatulia. Hatari yake iko kwenye tahajia. O na sifuri hufanana, I na moja hufanana, na kijana anaweza kukumbuka sauti ya jina bila kukumbuka lilivyoandikwa. Kwa hiyo mpe karatasi na kalamu, alichore neno kama alivyoliona bila kusahihishwa na mtu mzima yeyote, kisha aandike chini yake rangi ya gari, aina yake, ukubwa wake na upande lilikoelekea, kama lilishika njia ya Magu au lilirudi mjini.

Kituoni omba fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu ya binti, na uhakikishe kwamba taarifa yako imeandikwa na umepewa namba ya jalada. Dereva akishapatikana, uliza mara moja bima ya gari ni ya kampuni gani, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima inayowakinga watu wengine wanaoumizwa na gari lake, na gharama za hospitali ni sehemu ya dai lako. Tunza kila risiti, hata ya nauli ya daladala kwenda kliniki. Kama ofisa wa kituoni atakuambia kwamba gari la jina halitafutiki, omba kwa adabu kumwona mkuu wa kituo, na uwe na karatasi ile ya kijana mkononi. Nenda naye leo, mama, angali analikumbuka.